Pointi za Mwanzo wa Msimu

Juma hili tuyaache kidogo mambo ya jikoni, twende uwanjani. Maana ya uwanjani nayo hurudi nyumbani pamoja na baba na watoto.

Mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, magharibi ya Rwanda, una timu mbili za mpira wa miguu zinazojulikana nchini, Etincelles na Marines. Jina la Etincelles ni neno la Kifaransa, maana yake cheche. Uwanja wa mji huo ni Umuganda. Mwaka 2016 uwanja huo ulipokea wageni wa mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani: Uganda, Zambia, Mali na Zimbabwe. Hapo ndipo Guinea ilipoitoa Zambia katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti, baada ya dakika 120 bila bao.

Mashindano ya namna hiyo ni kama harusi. Ligi ndiyo ndoa yenyewe. Harusi ina ngoma na wageni, na hupita; ndoa ni siku baada ya siku, mvua na jua. Timu ya mji mdogo haipimwi kwa mechi moja iliyojaza uwanja, bali kwa mechi 30 za msimu mzima, nyingine zikichezwa mbele ya watu wachache.

Tuutazame msimu mmoja, ule ulioanza Oktoba 2019. Timu zilikuwa 16. Machi 2020 maradhi ya UVIKO-19 yalipoingia Rwanda, ligi ilisimamishwa. Mwezi Mei viongozi wa soka wakaamua kwamba msimu hautaendelea, na msimamo wa siku ile mpira uliposimama ndio utakaohesabiwa. APR, timu ya jeshi, ilikuwa imecheza mechi 23: imeshinda 17, imetoka sare 6, haijafungwa hata moja. Kwa pointi zake 57 ikatawazwa kuwa bingwa. Heroes na Gicumbi, zilizokuwa chini kabisa, zikashushwa daraja. Etincelles na Marines zikabaki.

Tulitafakari jambo hili. Timu iliyo mkiani mwezi Machi huwa na tumaini lake: zimesalia mechi kadhaa, tutajikaza mwishoni. Safari ile mwisho haukuja. Sare iliyopatikana ugenini mwezi Novemba, ambayo hakuna aliyeishangilia, ilikuwa na thamani ile ile ya pointi ambayo ingetafutwa kwa jasho mwezi Juni. Tofauti ni kwamba ile ya Novemba ilikwisha kuwekwa kibindoni.

Nani ajuaye haya kuliko jamaa ya askari? Amri ya uhamisho haingoji mwisho wa mwezi, wala mwito wa kazi haumwulizi mama kama unga umo ndani. Hata hivyo wengi wetu tunaendesha nyumba kama timu inayotegemea mechi za mwisho. Mshahara ukitoka, siku za kwanza ni za nyama na vinywaji. Akiba, tunasema, itatokana na kitakachobaki. Karo ya mtoto itatafutwa shule ikikaribia kufunguliwa. Deni la dukani litalipwa mwezi ujao.

Tujifunze kuhesabu kama ligi inavyohesabu. Siku ya mshahara, kabla ya matumizi mengine, baba na mama waketi pamoja watenge fungu la akiba, hata liwe dogo. Fungu dogo la kila mwezi ni sare ya ugenini: halina shangwe, lakini linaandikwa. Mama ajue fedha ziko wapi na deni ni la nani, ili baba akiitwa usiku, nyumba isishuke daraja asubuhi.

Na timu yetu ikifungwa Jumamosi, tusiwarudishie watoto hasira za refa. Mechi moja haimalizi msimu. Wajibu wetu ni kwamba siku yoyote filimbi itakapopulizwa, hata kabla ya wakati, hesabu ya nyumba itukute juu ya mstari.