Mficha Uchi Hazai

WAHENGA walisema kwamba mficha uchi hazai. Methali hiyo twaitumia mara nyingi katika habari za shida na madeni, lakini leo twapenda kuirudisha mahali pake pa asili, yaani katika jambo la uzazi.

Yako maradhi yanayowapata wanawake wengi, wala hayatajwi barazani wala jikoni. Mwanamke hukaa miezi mitatu au minne asione hedhi. Ndevu humwota kidevuni, chunusi humjaa usoni hata baada ya ujana kupita, na pengine huolewa asipate mimba. Madaktari huyaita maradhi ya vifuko vingi katika ovari, na kwa kifupi huyaandika PCOS. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 10 hadi 13 wanayo. Na katika kila 100 walio nayo, hata 70 hawajapimwa wala kuambiwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Tanzania ina wanawake zaidi ya milioni 31. Hata tukiwatoa watoto na wazee, msomaji ataona kuwa hatuzungumzi habari ya watu wachache.

Na mwanamke huyo hupata nini kwetu? Huitwa tasa. Mawifi humsema, mume huoa mwingine, na fedha kidogo alizo nazo humwishia kwa wauza dawa za "kusafisha kizazi". Siku anapopata ujasiri wa kwenda zahanati, mtu wa kwanza kumkabili si bingwa wa magonjwa ya wanawake. Ni muuguzi. Naye muuguzi, kama hakufundishwa, humwambia, "Nenda, ni hali ya kawaida, utapona ukizaa." Hatumlaumu muuguzi huyo. Twalaumu kufundishwa kwake.

Yanayompasa kuyajua si mengi mno. Maradhi haya yalielezwa mwaka 1935 na madaktari Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago, Marekani. Jina lake hupotosha, kwa kuwa vifuko hivyo si uvimbe wa kukatwa, bali ni vijifuko vya mayai ambayo hayakukomaa. Tangu mwaka 2003 madaktari hutafuta dalili tatu: hedhi isiyofuata utaratibu, wingi wa vichocheo vya kiume mwilini, na ovari zenye vijifuko vingi. Mwanamke mwenye mbili kati ya hizo huhesabiwa kuwa nayo, baada ya magonjwa mengine yanayofanana nayo kuondolewa. Lakini kwa msichana mambo ni tofauti. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023 wataka awe na dalili zile mbili za kwanza pamoja, wala asihukumiwe kwa picha ya altrasaundi, kwani ovari za wasichana wengi wazima huonekana hivyo hivyo.

Tena maradhi haya hayakai katika ovari peke yake. Kwa wengi, mwili hauitikii vema insulini, na kwa hiyo kisukari huwanyemelea mapema. Hedhi ikikosekana muda mrefu bila matibabu, hatari ya saratani ya ukuta wa mji wa mimba huongezeka. Huzuni na wasiwasi nazo huwasumbua. Dawa ya kuyang'oa kabisa haijapatikana. Lakini chakula bora, mazoezi na dawa za hospitali hupunguza madhara yake, na wengi hupata watoto wakisaidiwa. Mlango wa uzazi haukufungwa. Neno hilo moja, likisemwa na muuguzi anayejua, laweza kuokoa ndoa na pengine maisha.

Basi elimu hiyo iwafikie vipi wanafunzi wa uuguzi? Mabingwa ni wachache, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Hawawezi kwenda kufundisha katika kila chuo toka Kigoma hata Mtwara. Lakini somo likitayarishwa mara moja na kupelekwa kwa intaneti, mwanafunzi wa Songea atasoma yale yale anayosoma mwenzake wa Muhimbili.

Wako watakaosema kuwa mambo ya siri hayafai kuwekwa katika simu. Twawajibu kwamba tayari yamo humo, nayo yamewekwa na wauza dawa za uongo. Wengine watasema kuwa malaria na vifo vya uzazi ni mambo makubwa zaidi. Ni kweli, lakini mwenye maradhi haya akipata mimba huwa katika hatari zaidi ya shinikizo la damu na kisukari cha mimba, hivyo kumjua mapema ni sehemu ya vita hivyo hivyo.

Twataka mambo manne. Kwanza, masomo hayo yawe kwa Kiswahili safi, maana mgonjwa ataulizwa kwa Kiswahili. Pili, yaweze kuhifadhiwa katika simu na kusomwa pasipo mtandao. Bando lisiwe kizuizi kwa mtoto wa mkulima. Tatu, mwanafunzi aulizwe maswali kabla ya somo na baada yake, ili tujue kama amefahamu au ametazama picha tu. Nne, somo limalizikie wodini na kliniki, mbele ya mwalimu, kwa kuwa simu haifundishi namna ya kumuuliza mwanamke jambo la aibu bila ya kumwaibisha.

Tangu enzi za TANU tulitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Katika jambo hili wote watatu wamekaa kikao kimoja. Wizara ya Afya, vyuo na makampuni ya simu wana uwezo wa kukivunja kikao hicho. Nao wanawake wetu wameona aibu vya kutosha. Aibu iliyobaki iwe ni yetu sisi, tukijua haya kisha tukanyamaza.