Tusiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia: Maoni Yangu Kuhusu Maonyesho ya Michezo ya Video

Naomba mnielewe tangu mwanzo kwamba naandika haya nikiwa mpenzi wa michezo ya video, wala si adui yake. Nasema hivyo kwa sababu jambo hili likizuka hapa shuleni watu hugawanyika pande mbili. Kuna wanaosema michezo hii ni ya kupotosha vijana, basi. Halafu kuna wale ambao wakionyeshwa kipande cha dakika mbili cha mchezo ujao, hawali wala hawasomi, kutwa nzima ni hadithi hiyo hiyo. Leo nataka kuongea na hawa wa pili, maana mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Wacha nianze na kisa cha nyumbani. Likizo moja ya Desemba, kaka yangu alifanya kazi ya mjengo karibu wiki sita, akabeba mawe mpaka mabega yakachubuka. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwenye simu picha za mchezo fulani uliokuwa umetangazwa katika maonyesho ya ng'ambo. Jameni, picha zile! Mvua ikinyesha ndani yake unadhani utalowa. Nikamwambia, "Kaka, tukiukosa huu tumekosa dunia." Akanunua sidii yake kwa shilingi elfu sita, ingawa sehemu ya pesa hizo alikuwa amemwahidi mama za kuninunulia sare mpya.

Tulipoutia kwenye mashine, kwanza ukadai mtandao wa kujazia sehemu zilizokosekana. Tukamaliza siku tatu tukinunua bando. Ulipofunguka hatimaye, picha zilikwama kama lori bovu mlimani, na ile mvua ya ajabu haikuwako. Muuzaji akasema kitu kikishafunguliwa hakirudishwi. Muhula wa kwanza nikarudi shuleni na suruali ya zamani, iliyonipanda juu ya vifundo vya miguu, na baadhi yenu mlinicheka. Mama hakusema neno, lakini kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kiboko.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, maonyesho haya ni nini hasa?

Yaliyokuwa mashuhuri kuliko yote yaliitwa E3. Yalianza mwezi wa Mei mwaka wa 1995 mjini Los Angeles, Marekani. Katika mwaka huo wa kwanza kampuni ya Sega ilitangaza mashine yake ya Saturn kwa dola 399. Mkubwa mmoja wa Sony, Steve Race, alipopanda jukwaani alitaja bei ya PlayStation tu, "299", kisha akarudi kuketi. Watu wakashangilia. Hapo mtaona kwamba tangu siku ya kwanza yale yalikuwa soko. Baadaye E3 ilidhoofika. Mwaka wa 2019 ndio uliokuwa wa mwisho watu kukutana ukumbini, na mwezi wa Desemba 2023 waandaaji wakatangaza kwamba yamekwisha kabisa. Siku hizi kampuni nyingi hutuletea maonyesho yao moja kwa moja kwenye simu zetu, na maonyesho ya Gamescom ya mjini Cologne, Ujerumani, nayo yamekuwa na umati mkubwa.

Sasa linganisheni na maonyesho yetu ya kilimo, yale ya ASK. Ukienda pale ukaona ng'ombe wa maziwa, huyo ni ng'ombe kweli. Unamgusa, unaona kiwele chake, ukitaka unamuuliza mwenyewe anakamuliwa lita ngapi. Lakini katika maonyesho ya michezo ya video, mara nyingi unaonyeshwa picha ya ng'ombe ambaye bado hajazaliwa! Nitatoa mifano mitatu.

Kwanza, mwaka wa 2005 katika E3, Sony walionyesha kipande cha mchezo wa vita uitwao Killzone. Watu wakastaajabu, wakidhani mashine mpya ya PlayStation 3 ndiyo inayochora vile. Kumbe ilikuwa filamu iliyotengenezwa kando. Mchezo wenyewe ulitoka mwaka wa 2009, miaka minne baadaye.

Pili, mwaka wa 2014 tulionyeshwa No Man's Sky, kazi ya kampuni ndogo ya Uingereza iitwayo Hello Games, wenye sayari nyingi zisizohesabika. Ulipotoka mwezi wa Agosti 2016, wanunuzi wengi walilalamika kwamba baadhi ya waliyoyatarajia hayakuwamo, kama vile kuonana na wachezaji wengine.

Tatu, mwaka wa 2019 mwigizaji Keanu Reeves alipanda jukwaani kuutangaza Cyberpunk 2077 wa kampuni ya CD Projekt ya Poland, ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Ulitoka tarehe 10 Desemba 2020. Katika mashine za zamani ulikuwa na kasoro nyingi mno, hata Sony wakauondoa katika duka lao la mtandaoni siku chache tu baadaye, usirudi mpaka Juni 2021.

Najua mtanipinga. Mtasema, "Kwani michezo hiyo haikurekebishwa?" Ni kweli, ilirekebishwa. Hello Games waliendelea kuongeza mambo mapya bila malipo, na mwaka wa 2018 wachezaji wakaweza kucheza pamoja vizuri. Cyberpunk pia ulitengenezwa mpaka ukasifiwa. Wala sisemi kila mtangazaji ni mwongo, la hasha. Mafundi hawa hubuni wakiwa hawajui watafika wapi, na wengine hushindwa kwa haki kabisa. Lakini hoja hiyo yenu ndiyo inayoniunga mkono! Ikiwa mchezo unaiva mwaka mmoja au miwili baada ya kuuzwa, basi aliyengoja ndiye aliyekula kilichoiva, tena kwa bei ya chini. Aliyekimbilia alilipia unga akidhani ni chapati.

Pia sisemi tusitazame. Kutazama kuna raha yake na mafunzo yake. Mwezi wa Juni 2025 ulionyeshwa mchezo uitwao Relooted, kazi ya kampuni ya Nyamakop ya Afrika Kusini, ambapo mchezaji hurudisha vitu vya Kiafrika vilivyochukuliwa na kuwekwa katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Nilipouona niliikumbuka ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyotwaliwa na Waingereza mwaka wa 1902 ikapelekwa London. Hapa kwetu pia Andrew Kaggia alitengeneza Nairobi X mwaka wa 2015, viumbe wa anga za juu wakivamia jiji letu. Mambo kama haya hunipa moyo kwamba siku moja hata mwanafunzi wa shule ya kutwa anaweza kuwa upande wa pili wa jukwaa, akionyesha badala ya kuonyeshwa.

Ushauri wangu basi ni huu. Uonapo mchezo ujao, jiulize kama kuna mtu anayeucheza kweli au ni filamu tu. Uliza kama mashine yako itauweza na kama utahitaji mtandao. Usilipe kabla haujatoka. Ukitoka, nenda kwanza pale tunapolipia kwa mechi, utoe shilingi ishirini uujaribu kwa mikono yako mwenyewe. Usipokupendeza, hasara yako ni andazi moja au mawili.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Kaka yangu alikuwa na deni la sare kwa mama, nami nikamfanya alisahau kwa sababu ya ahadi ya watu tusiowajua wala wasiotujua. Mwaka huu amerudi mjengoni. Juzi nilimwona ameshika simu akitazama tangazo jipya, macho yamemtoka. Akaniuliza, "Unaonaje?" Nikamjibu, "Ni zuri sana, kaka. Tungoje."