Mwanao yupo kwenye grupu la masomo, lakini anaandika?

Siku hizi swali linalonifikia mara nyingi kutoka kwa wazazi wa Lushoto halihusu homa wala chanjo. Linahusu simu. Mama mmoja wa Soni, muuza kabichi na plamsi, aliniuliza hivi: "Mwanangu, kila wiki natuma hela ya bando. Mdogo wako yupo chuo mwaka wa pili, ananiambia wana grupu la masomo la WhatsApp. Anasoma kweli, au ananila hela?"

Nilimjibu kwamba yote mawili yanawezekana kwenye grupu lilelile.

Mzazi aliyepita chuoni anavikumbuka vimbweta, zile meza na benchi za zege chini ya miti. Wanakaa watu watano au sita, mmoja anaeleza, mwingine anabisha. Ukinyamaza, unaonekana. Kwenye grupu la watu mia, anayenyamaza haonekani. Anapitisha macho, anaandika "asante mkuu", anapakua desa la mwaka jana na kujiona amesoma.

Kujiona umesoma ni jambo lililopimwa. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya maandishi. Kifungu kimoja walikisoma mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakaandika wanachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, kile kilichosomwa mara mbili kilikumbukwa zaidi, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: kilichosomwa mara mbili kilibaki kwa asilimia 42, na kilichoandikwa kwa kukumbuka asilimia 56. Mtihani wa chuo, kama tujuavyo, hauji baada ya dakika 5.

Uchambuzi mwingine uliotoka mwaka 2014 ulikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Kwenye madarasa ya kusikiliza mhadhara tu walifeli karibu 34 kwa kila mia. Kwenye madarasa ambayo mwanafunzi alilazimika kujibu, kujadili na kutatua jambo, walifeli karibu 22. Hayo hayakuwa magrupu ya simu, lakini kilicholeta tofauti ni kitu ambacho grupu linaweza kukifanya au kukiua.

Nikupe mfano kutoka upande wangu wa afya. Mtu anatupia grupuni swali moja: mtoto wa miaka miwili anaharisha siku ya pili, macho yameingia ndani, akipewa maji anayanywa kwa pupa. Utaanza na nini? Mmoja anaandika "dripu". Mwingine anamuuliza, kwa nini dripu wakati mtoto anaweza kunywa? Wa tatu anasema ORS. Haya, kiasi gani, kwa muda gani? Hapo lazima mtu afungue kitabu: mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, ndani ya saa 4, pamoja na vidonge vya zinki. Yule aliyeandika "dripu" ndiye aliyefaidika kuliko wote, kwa sababu alijitokeza akasahihishwa. Aliyesoma tu mazungumzo kesho yake amebaki na neno ORS peke yake.

Ndiyo maana grupu dogo la watu sita hadi wanane, lenye swali moja kwa siku na sharti la kila mtu kujibu kwa maneno yake kabla ya kusoma ya wenzake, lina thamani kuliko lile la darasa zima lenye mafaili mia mbili. Mhadhiri akipita mara moja kwa wiki kusahihisha, bora zaidi, maana wanafunzi wanaweza kukubaliana wote juu ya kosa.

Kwetu huku milimani kuna jambo jingine. Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa, kilichoanzishwa Magamba mwaka 2007, kimejulikana kwa elimu maalum, na Irente ipo shule ya wasioona. Kwa kijana kiziwi, mjadala wa maandishi ni nafasi nzuri sana: hasubiri mkalimani, anasoma na kujibu sawa na wenzake. Lakini mtu akianza kutuma sauti za dakika nne, ameshamtoa nje. Kwa asiyeona ni kinyume chake. Simu yake inamsomea maandishi kwa sauti, ila picha ya daftari iliyopigwa haraka haraka mara nyingi haimpi kitu. Kupiga picha ya notsi ndiyo desturi ya magrupu mengi, na sijui kwa nini tumeizoea hivyo.

Kuhusu bando, maandishi hula data kidogo mno. Kinachomaliza fedha ya kabichi ni video. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, vijana wengi walirudi vijijini ambako mtandao hushikika ukipanda kilimani na kupotea ukishuka bondeni. Ujumbe wa maandishi hujituma wenyewe mtandao ukirudi. Video haina subira hiyo. Kwa hiyo kijana anayesema bando la wiki limekwisha kwa siku mbili "kwa sababu ya diskasheni" ana maelezo ya kutoa.

Na usiku wa manane si saa ya mjadala. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na ubongo huyapanga ya mchana wakati amelala.

Basi ukimpigia, usimuulize kama anasoma, atakwambia ndiyo. Muulize wiki hii amejibu swali gani grupuni, na nani alimpinga. Kisha mwombe akueleze jibu kwa Kisambaa. Akikwama katikati, mwache akwame, umuulize tena Jumapili.