Baba wa familia aliyekataa kutoa rand 5



Shahidi wa imani akitajwa, sisi huikumbuka zaidi saa yake ya mwisho, tukaisahau miaka iliyoitangulia. Ndivyo wengi wetu tunavyomfahamu Mwenye Heri Benedict Daswa wa Afrika Kusini, yaani kwa kifo chake tu. Lakini kifo kile hakieleweki pasipo maisha yake ya baba wa familia katika kijiji kidogo.

Alizaliwa tarehe 16 Juni 1946 huko Mbahe, katika jimbo la Limpopo, akabatizwa mwaka wa 1963. Alikuwa mwalimu, kisha mkuu wa shule ya msingi ya Nweli. Alilima bustani ya mboga, na watoto waliokosa karo aliwapa kazi humo ili wapate kulipa. Alishiriki katika ujenzi wa kanisa la kwanza la mahali pale. Nyumbani alimsaidia mke wake kazi ambazo wanaume wengi wa kijiji waliona haya kuzigusa. Wachezaji wa timu yake ya mpira walipotaka kutumia dawa za mganga ili washinde, aliiacha timu ile akaanzisha nyingine.

Mwezi wa Januari 1990, mvua kubwa yenye radi ilikipiga kijiji na nyumba zikaungua. Baraza likaamua kila mtu atoe rand 5, ili alipwe mganga atakayemtaja mchawi aliyeleta radi. Daswa alieleza kwamba radi ni jambo la maumbile, akakataa kutoa. Alijua kwamba aliyetajwa angefukuzwa au kuuawa. Tarehe 2 Februari, akiwa njiani kurudi nyumbani, alikuta barabara imezibwa, akashambuliwa kwa mawe. Alikimbilia nyumba ya mama mmoja. Washambulizi walipotishia kumwua mama yule, alitoka mwenyewe, nao wakamwua. Alikuwa na miaka 43. Watoto wake walikuwa saba, na wa nane alikuwa angali tumboni mwa mama yake.

Hapa wengi huuliza: je, mtu mwenye watoto hakupaswa kutoa fedha ile ndogo, akarudi salama kwao? Swali hili si la kudharauliwa, kwa maana mjane na yatima ndio waliobeba uzito wa uamuzi ule. Hata hivyo, sisi tunaona kwamba alikataa kwa sababu alikuwa baba. Kijiji ambacho jina la mchawi hununuliwa kwa mchango, hakuna mama wa mtu yeyote aliye salama humo. Leo atatajwa bibi wa jirani, kesho atatajwa wa kwetu. Mali aliyowaachia wanawe ni kwamba mikono ya baba yao haikununua damu ya mtu.

Wala ujasiri huo haukuzaliwa barazani. Aliyezoea kuchekwa kwa kumsaidia mke wake, na aliyekwisha kuiacha timu aliyoipenda, alikuwa amejifunza siku nyingi kusimama peke yake.

Jambo hili latuhusu. Milima ya mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa mahali panapopigwa radi mara nyingi zaidi duniani. Nasi tunajua jinsi wazee, hasa akina mama wajane, wanavyoshtakiwa uchawi mtoto anapokufa au radi inapoua. Tunajua pia kwamba vijana ndio wanaotumwa kushika mawe. Hofu ya waliofiwa ni ya kweli, nayo yahitaji faraja. Lakini hofu hiyo haimpi mtu ruhusa ya kumwua mwenzake.

Kwa hiyo, tusimkumbuke Daswa kwa sifa peke yake. Anapoanza kunong'onwa mama mmoja katika mtaa wetu, twende kumtembelea kabla neno halijawa mawe. Tumchotee maji, tuketi karibu naye kanisani, watu wote waone. Na mchango wa kumtafuta mchawi ukipitishwa, tukatae pamoja. Daswa alikataa peke yake. Sisi tuko wengi katika kila parokia, na mawe hayaruki pasipo mikono ya vijana.