Malezi Nyumbani: Mtoto Anapojitupa Chini

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo lijulikanalo katika kila nyumba, toka Kibondo hata Kasulu. Mtoto wa miaka 2 au 3 anyimwapo kitu hujitupa chini, hupiga mateke na kulia kama aliyechomwa moto. Mama yuko sokoni na mzigo wa maharagwe kichwani, na watu wanatazama. Wengine humwambia, "Mchape!" Wengine, "Mpe, anyamaze!" Sisi twasema, yote mawili hayafai.

Sababu ni hii. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile isaidiayo kuzuia hasira, hukua polepole mno, wala haikomai kabla ya miaka 20 na zaidi. Tena mtoto huyu ana matakwa mengi na maneno machache. Basi kilio chake si ukaidi wa mtu mzima. Akipigwa, hofu huongezeka, naye hujifunza kwamba mwenye nguvu hupiga. Akipewa alichokililia, hujifunza kwamba kitu hupatikana kwa kelele. Programu ya taifa ya malezi, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8, yataja malezi yenye mwitikio: maana yake, mzazi aitambue haja ya mtoto na kuiitikia.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuangalie mwili wake. Nchi yetu hii ina malaria. Akiwa na homa, akikataa kula au kulegea, huyo si wa kuonywa, apelekwe zahanati upesi. Tukumbuke pia njaa, usingizi, na huzuni ya kuachishwa ziwa kwa ajili ya mdogo wake. Pili, tumwondoe penye mafiga, maji ya moto na njia ya baiskeli. Tatu, tuchutame karibu naye, tuseme kwa sauti ya chini, kwa Kiha cha nyumbani, "Umekasirika, ulitaka andazi. Leo hatununui." Kisha tungoje pasipo kubadili neno. Akitulia, tumpakate, wala tusimsimange.

Na mzazi aonaye mkono wake unatetemeka kwa hasira, amkabidhi mtoto kwa bibi au jirani, atoke nje apumue. Kumtikisa mtoto mdogo kwa nguvu kwaweza kuvujisha damu ndani ya kichwa na kumwua.

Wako wasemao, "Samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli, lakini akunjaye kwa hasira huvunja. Mtoto hujifunza utulivu kwa kuuona, na wa kwanza anaowatazama ni sisi.