KANDA ILIYOFUNGWA NA KANDA ILIYOSAHAULIWA

Mwezi wa Juni mwaka 2022, katika mnada wa kampuni ya Heritage Auctions ya Dallas, Marekani, kanda moja ya video iliuzwa kwa dola 75,000. Ilikuwa ni kanda ya VHS ya filamu iitwayo Back to the Future, iliyotolewa mwaka 1986, nayo ilikuwa bado imefungwa katika nailoni yake kama ilivyotoka kiwandani. Mwaka ule wa 1986 kanda kama hiyo iliuzwa dukani kwa dola 79 na senti 95. Basi kwa muda wa miaka 36 bei yake ilipanda zaidi ya mara 900, na sharti la kupanda huko ni moja tu: mwenyewe asiifungue wala asiitazame.

Sisi hatuna ugomvi na tajiri apendaye kununua kitu asichokitazama. Fedha ni zake. Lakini habari za namna hii hazikai Dallas. Huvuka bahari, zikafika kwa watu wa kawaida, nao hufungua makabati na kushusha masanduku kutoka darini wakitafuta utajiri. Wanatafuta filamu za kigeni zenye nailoni. Zile kanda nyingine, zilizoandikwa kwa kalamu ya wino juu ya kibandiko, “Harusi ya Shangazi” au “Mkutano wa Tawi”, huwekwa kando kama takataka. Na siku ya kufagia nyumba hutupwa jalalani. Hili ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwa sababu twaona kwamba watu wameigeuza thamani kichwa chini, miguu juu.

Yafaa kwanza tukumbushane jinsi bidhaa hizi zilivyoingia duniani. Kampuni ya Sony ya Japani ilitoa mashine yake ya Betamax mwaka 1975. Mwaka uliofuata kampuni ya JVC, nayo ya Japani, ikatoa mtindo wa VHS, ambao mwishowe ndio ulioshinda. Mnunuzi alikuja kukuta dukani kanda za namna mbili. Namna ya kwanza ni kanda tupu, ambayo mtu hujirekodia mwenyewe alitakalo. Namna ya pili ni kanda iliyokwisha kujazwa filamu na kampuni, ambayo mtu huinunua ili atazame kile ambacho wengine wameamua atazame.

Kanda zilizojazwa filamu kubwa za Hollywood zilianza kuuzwa mwaka 1977, pale mfanyabiashara Andre Blay wa Michigan alipopata ruhusa ya kampuni ya 20th Century-Fox ya kuuza filamu 50. Bei zake zilikuwa kali, na katika miaka iliyofuata ikawa kawaida kanda moja kuuzwa karibu dola 80. Ni mfanyakazi gani angeweza kujaza kabati lake kwa bei hiyo? Ndiyo maana yakazuka maduka ya kukodisha: duka lanunua kanda moja, na mtaa mzima waitazama kwa zamu kwa senti chache. Wakubwa wa filamu hawakupendezwa. Lakini sheria ya Marekani ilimruhusu aliyenunua kanda kwa halali kuikodisha.

Kanda tupu iliwaudhi zaidi. Mwaka 1976 makampuni ya Universal na Walt Disney yaliishtaki Sony mahakamani, yakidai kwamba kutengeneza mashine ya kumwezesha raia kurekodi vipindi vya televisheni nyumbani kwake ni kusaidia wizi. Kesi hiyo ilipanda na kushuka kwa muda wa miaka saba na zaidi. Mahakama moja iliipa Sony ushindi. Ya pili ikaunyang'anya. Hatimaye, tarehe 17 Januari 1984, Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba raia anayerekodi kipindi ili akitazame baadaye nyumbani hakuvunja sheria. Kura moja tu ingaligeuka, historia ya kanda tupu ingalikuwa nyingine kabisa.

Kwa nini ugomvi mkubwa namna hii juu ya kipande cha plastiki kisicho na kitu ndani? Kwa sababu kanda tupu ilimtoa mtu wa kawaida katika hali ya kuwa mtazamaji tu, ikamfanya awe mwenye kuhifadhi. Kabla ya hapo, ni shirika la utangazaji na kampuni ya filamu tu zilizokuwa na uwezo wa kuamua ni picha ipi itakayobaki na ipi itakayofutwa.

Mfano ulio bora tunaoujua ni wa Bibi Marion Stokes, Mmarekani mweusi wa mji wa Philadelphia, aliyepata kuwa mkutubi. Kuanzia mwaka 1979 mama huyu alirekodi habari za televisheni usiku na mchana, akibadilisha kanda kila zilipojaa, hata alipofariki Desemba 2012. Aliacha kanda zipatazo 70,000. Majirani wangeweza kumcheka kwa kununua kanda tupu kila siku kama mwingine anunuavyo mkate. Lakini kanda zile zilipokelewa na maktaba ya Internet Archive, kwa kuwa zimebeba habari nyingi za kila siku ambazo hakuna aliyejali kuziweka. Hakuna hata moja kati ya kanda hizo iliyopata thamani kwa kufungwa nailoni. Zote zilipata thamani kwa kutumiwa.

Mfano wa pili ni wa bara letu. Mwaka 1992, nchini Nigeria, mfanyabiashara Kenneth Nnebue alitoa filamu iitwayo Living in Bondage, katika lugha ya Kiigbo. Yasimuliwa kwamba alikuwa na shehena ya kanda tupu alizoziagiza kutoka Taiwan, akaona kwamba zitauzika upesi zaidi zikiwa na hadithi ndani yake. Akazijaza hadithi ya watu wa nchi yake, wakisema lugha yao. Filamu hiyo ndiyo ihesabiwayo kuwa iliufungulia mlango ule utengenezaji mkubwa wa filamu za Nigeria ambao leo wajulikana dunia nzima. Hapa twaona wazi: kanda tupu ilikuwa bidhaa ya kigeni kama bidhaa yoyote, maisha ya watu ndiyo yaliyoipandisha bei.

Sasa tujitazame wenyewe. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kwa wengi wa Bara deki ilitangulia televisheni. Watu walikusanyika sebuleni kwa mwenye deki, au katika vibanda vya video, wakatazama filamu za Kihindi na za karate. Hizo zilikuwa kanda zilizojazwa na wengine. Lakini pamoja nazo ziliingia kanda tupu, na wapiga picha wa mitaani wakaanza kurekodi harusi, maulidi, komunio, ngoma, taarabu, mazishi, mahafali na mikutano ya wafanyakazi. Kwa kuwa wakati ule hakukuwa na kituo cha kurekodi mambo hayo, mara nyingi kanda iliyomo kabatini kwa fulani ndiyo kumbukumbu pekee ya sura, sauti na mwendo wa watu ambao sasa wamo kaburini. Nakala ya pili haipo. Filamu ya mnada wa Dallas ina nakala mamilioni, nayo yapatikana kwa urahisi popote. Je, ndugu msomaji, ipi kati ya hizo mbili ni adimu?

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii huoza. Kanda ya video ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wenye sumaku, ulioshikizwa kwa gundi. Gundi hiyo huvuta unyevu, nasi tulio karibu na pwani, kuanzia Mombasa mpaka Mtwara, twaujua unyevu wetu. Ukungu huota juu ya utepe, picha hupauka, utepe hunatana. Tena hata kanda iliyo salama haina faida pasipo mashine ya kuichezesha. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyobaki ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016, ikieleza kwamba vipuri havipatikani tena na wanunuzi wamepungua. Tangu hapo kila deki inayokufa haizaliwi nyingine. Mwaka 2019 shirika la UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, lilitoa tahadhari kwamba kanda za sumaku zisipohamishiwa katika mtindo wa tarakimu ifikapo mwaka 2025, nyingi huenda zisipatikane tena. Kwa hiyo hatusemi juu ya jambo la wajukuu. Twasema juu ya sasa.

Wako watakaotuambia kwamba mfanyakazi ana karo, kodi ya nyumba na bei ya unga mbele yake, na kwamba kanda za zamani ni anasa. Hoja hii si ya kupuuza. Kazi ya kuhamisha kanda hugharimu fedha, na si kila nyumba itaweza. Lakini jambo lisilowezekana kwa mmoja huwezekana kwa wengi. Tawi moja la chama cha wafanyakazi, shule moja, kikundi kimoja cha akina mama, chaweza kununua deki moja iliyotumika, ikatumiwa na nyumba mia. Na hatua ya kwanza haigharimu hata senti: ni kuandika orodha ya kanda zilizopo, na kila kanda ina nini. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa wale watakaokwenda sokoni, twatoa maneno machache ya tahadhari. Anunuaye deki aone kwanza ikichezesha kanda mbele ya macho yake, nayo iwe kanda isiyo na thamani, ili ikimezwa asipate hasara. Aulize mtindo wake. Tanzania na Kenya zilitumia mtindo wa PAL, na Marekani ule wa NTSC. Kanda ya Marekani haionekani sawasawa katika deki yetu, ila kama deki ni ya mitindo mingi. Anunuaye kanda zilizotumika azitazame katika kidirisha chake: akiona unga mweupe kwenye utepe, huo ni ukungu, nao huambukiza deki na kanda zote zitakazofuata. Wala asidanganyike kwamba kanda tupu ya zamani iliyofungwa ni mpya. Gundi huzeeka hata kama kanda haikuguswa. Kununua kanda tupu leo ili kuanza kurekodi upya ni kutia maji katika pakacha.

Aliye na kanda zake nyumbani avunje kile kipande kidogo cha plastiki kilicho ukingoni mwa nyuma. Kikiondolewa, deki haiwezi kurekodi juu yake. Ni harusi ngapi zilizofutika kwa sababu kijana wa nyumbani alitaka kurekodi mechi! Azisimamishe kanda wima kama vitabu, mahali pakavu, mbali na jua na mbali na spika kubwa, kwa maana ndani ya spika mna sumaku. Na ampelekeapo fundi wa kuhamisha, wapatane bei kabla ya kazi, akague nakala kabla ya kulipa, na arudishiwe kanda yake ya asili. Nakala zisikae mahali pamoja. Moja ibaki nyumbani, nyingine kwa ndugu.

Twaongeza jambo moja ili tusieleweke vibaya. Kuhifadhi kanda uliyoirekodi kwenye harusi yako ni haki yako. Kunakili filamu ya msanii na kuiuza mtaani ni jambo jingine, nalo limekatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Msanii naye ni mfanyakazi, na jasho lake lisiibwe.

Lakini neno letu kuu ni kwa taasisi. Mtu binafsi akitupa kanda, nyumba moja yapoteza kumbukumbu. Chama, shule, kiwanda au halmashauri ikitupa kanda, ni umma unaopoteza ushahidi wa nani alisema nini, nani aliahidi nini, na nani alikuwapo. Twataka kila ofisi yenye kabati la kanda imteue mtu mmoja wa kuwajibika, itoe orodha, na itenge fungu hata dogo la kuzihamisha, ikianzia na zile zilizo za pekee. Filamu za kigeni ziwe za mwisho kabisa katika orodha hiyo.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Wenye fedha na waendelee kupigania kanda zisizofunguliwa. Sisi tuzifungue zetu, tuzitazame, tuzihamishe, kabla deki ya mwisho ya mtaani haijanyamaza.