Shuka Kwenye Boda, Uliza Maji Yalifika Wapi

Meli ikitia gati Nansio, sisi wanachuo ndio wa kwanza kurukia boda. Begi mgongoni, simu mkononi, "Kagunguli bei gani?", na muda si mrefu tuko nyumbani tunalalamika kwamba Ukerewe hakuna kitu. Mimi sikubaliani. Vitu vipo, ila kwa mwendo ule huwezi kuviona.

Chukua mawe tu. Majabali yaliyobebana juu ya vilima vyetu na ndani ya maji ni ndugu wa yale ya Bismarck pale Mwanza. Tunayapiga picha, basi. Lakini wanasayansi waliochimba tope la chini ya Ziwa Victoria wameonyesha kwamba ziwa hili liliwahi kukauka, likaanza kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Maana yake, kuna wakati Ukerewe haikuwa kisiwa. Vilikuwa vilima kwenye nchi kavu, na mtu angeweza kutembea kutoka hapa mpaka Mwanza bila kulipa nauli. Ziwa hili linahama, jamani.

Tena halihami kwa miaka elfu elfu peke yake. Mwishoni mwa 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, mvua zilinyesha kupita kiasi, na kufikia 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita 2. Baadaye yakashuka taratibu. Watu wakasahau, watoto na wajukuu wakaufuata ufuko ulikorudi: nyumba, bustani, vibanda vya dagaa. Mei 2020 maji yakarudi mpaka kiwango kile kile cha 1964. Kenya, Uganda na huku kwetu, watu wa kando ya ziwa walihama na vyombo vyao. Ukimsikia mtu anasema jambo kama lile halijawahi kutokea, ujue hajaongea na bibi yake.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1962 sasa amevuka 70. Huyo ndiye anayeweza kukuonyesha mitumbwi ilifungwa kwenye mti gani, njia ya zamani ilipita wapi kabla haijamezwa, na kwa nini babu yake alikataa kujenga bondeni. Kwa anayetaka kununua kiwanja karibu na maji, maneno hayo ni ramani ya bure. Na wanaoyajua zaidi ni wale wanaotembea kila siku kwa sababu hawana nauli: akina mama wenye ndoo na mihogo kichwani. Sisi wenye kalamu tunawapita kwa pikipiki na kuwaachia vumbi.

Najua mtaniambia vipimo vipo. Ni kweli, kina cha ziwa kinapimwa pale Jinja tangu zamani. Lakini kipimo cha Jinja hakikwambii maji yalipita upande gani wa mkuyu wa kwenu. Wengine mtasema boda ni ajira ya vijana wenzetu, kwa nini niwanyime abiria? Siwanyimi. Mpe mizigo atangulie nayo, wewe tembea.

Kisiwa hiki kina watu walioona kwamba ya hapa yanatosha kuandikwa. Aniceti Kitereza, mzee wa Kagunguli, alimaliza mswada wake wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Ndani mna kilimo, uvuvi, dawa za miti, na jinsi wakwe wanavyopokeana. Akaja kuutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikachapishwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Euphrase Kezilahabi naye alizaliwa Namagondo, 1944, na Rosa Mistika aliyeitikisa nchi alimtoa kijijini hapo hapo. Sasa sisi wa mwaka wa tatu tunahangaika kutafuta mada ya utafiti, tunaishia kukopi za waliotutangulia.

Pendekezo langu ni dogo. Likizo ndefu ijayo, kila mwanachuo wa Ukerewe achague njia moja anayoipita siku zote na mzee mmoja anayeishi kando yake. Shikamoo kwanza, kaa, sikiliza. Daftari litoke baada ya kuomba ruhusa. Uliza mahali hapa panaitwaje na kwa nini, maji ya 1961 hadi 1964 yalifika wapi, ya 2020 je, na palikuwa na nini kabla. Andika majina kama anavyoyatamka, yawe ya Kikerewe, Kikara au Kijita. Kisha nenda mpaka pale alipopataja ukapaone kwa macho yako. Ukurasa mmoja unatosha. Gazeti hili la umoja wetu litenge safu, na nakala ya kila ukurasa ipelekwe kwenye ofisi ya kijiji husika, maana anayegawa viwanja ndiye anayeihitaji kuliko sisi.

Kitereza alisubiri miaka 35 mpaka maneno yake yakawa kitabu. Wazee waliouona ule mwaka wa maji hawana miaka 35 ya kutusubiri.